Ramani Irudi Kijijini: Simu, Intaneti na Taarifa za Kijiografia Mbulu na Hanang

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh pamoja na makazi ya Gendabi, Jorodom na maeneo ya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha, na familia nyingi zikabaki bila nyumba, shamba wala mifugo. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa mabadiliko ya tabianchi, alikatisha ziara yake akarudi nyumbani. Wataalamu wa Serikali walipouchunguza mlima walieleza kwamba hapakuwa na mlipuko wa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua hadi ikaelemewa na kumeguka.

Msiba huo una upande mwingine unaostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka mmoja kabla yake, Serikali ilikuwa imeendesha kazi mbili kubwa za kuandika mahali watu wanapoishi. Februari 2022 ilizinduliwa Operesheni Anwani za Makazi, iliyolenga kila nyumba nchini ipate namba na nukta yake kwenye ramani ya kidijitali. Agosti 23 mwaka huohuo ikafanyika Sensa ya Watu na Makazi, na makarani walipita kaya kwa kaya wakiwa na vishikwambi. Kwa hiyo Desemba 2023 Katesh haikuwa mahali pasipo takwimu. Mifumo ya Serikali ilikwisha kupita kwenye milango yake.

Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, programu za kukusanya taarifa za kijiografia hazijapungua. Kinachokwama ni mwendo wa taarifa zenyewe. Zinapanda kutoka kitongojini kwenda wilayani, Dodoma, na wakati mwingine ng'ambo. Zinazoshuka tena ni chache, na chache zaidi ndizo zinazoshuka katika umbo ambalo mwenyekiti wa kitongoji, mfugaji au mama anayesaka maji anaweza kulisoma, kulitumia na kulisahihisha. Kipimo cha mfumo wowote wa aina hii kiwe hicho: je, kijiji kilichotoa taarifa kinaweza kuiona na kuirekebisha?

Ardhi yenye wasomaji wengi

Mbulu na Hanang ni nchi ya miinuko na mabonde. Mlima Hanang wenye urefu wa takriban mita 3,420 unatazama Ziwa Balangida na tambarare za Basotu. Upande wa Mbulu, miinuko ya baridi inashuka hadi Bonde la Yaeda lenye ukame. Katika eneo hilo familia kuu za lugha za Afrika zinaishi jirani: Wairaqw wasemao lugha ya Kikushi, Wabarbaig na Wadatoga wengine wa asili ya Kiniloti, Wanyaturu na Wanyiramba walio Wabantu, na Wahadzabe, ambao lugha yao wataalamu hawajaipatia ndugu.

Kila jamii ina elimu yake ya mahali. Kwa Wairaqw, ardhi imegawanyika katika maeneo yaitwayo aya, na mipaka yake inatambuliwa na wazee na kulindwa kwa matambiko. Mpangilio huo ulimvutia mwanaanthropolojia Robert Thornton hadi akaandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1980, kuhusu namna Wairaqw wanavyoielewa nafasi na wakati. Mfugaji wa Kibarbaig anaijua nchi kwa misimu: malisho ya masika, malisho ya kiangazi, mahali pa chumvi, mahali pa maji. Mhadzabe anaijua kwa miti ya asali, mizizi na mapito ya wanyama. Anayekuja na simu mkononi kuichora nchi hii anaikuta imekwisha kusomwa na watu wanaoifahamu kuliko yeye.

Teknolojia yenyewe inafanyaje kazi

Simu janja hupokea mawimbi ya setilaiti na kukadiria mahali ilipo, kwa kawaida kwa kukosea mita chache, hata kama hakuna mtandao wa simu. Programu za fomu kama ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na KoboToolbox iliyojengwa juu ya msingi huo, huunganisha nukta ya mahali na majibu ya maswali pamoja na picha. Kazi huhifadhiwa ndani ya simu, kisha hutumwa mtandao ukipatikana. Kwa Yaeda, ambako mawimbi ya simu ni ya kubahatisha, sifa hiyo ndiyo inayowezesha kazi kufanyika.

Upande wa pili kuna seva na huduma za ramani za mtandaoni. Kwa kufuata viwango vya pamoja, kama vile vinavyosimamiwa na Open Geospatial Consortium tangu mwaka 1994, ofisi ya maji inaweza kutoa tabaka la visima, ofisi ya barabara ikatoa tabaka la barabara, na yote mawili yakaonekana kwenye ramani moja bila mtu kubeba faili kwa flashi. Juu ya hayo kuna ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kuna pia picha za setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, zinazopatikana bure kwa uoni wa mita 10, ambazo hupigwa kila baada ya siku tano hivi.

Sehemu kubwa ya zana hizi haina ada ya leseni. Miaka thelathini iliyopita, ramani ya kijiji ilihitaji mpimaji, gari na miezi ya kusubiri. Leo kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuizunguka mipaka ya shamba kwa dakika chache. Gharama iliyobaki ni ya watu: muda wao, mafunzo yao, bando lao, na imani yao kwamba kazi hiyo itawafaa.

Ardhi: somo la Basotu

Hakuna mahali panapoeleza thamani ya ramani, na hatari yake, kuliko tambarare za Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano wilayani Hanang. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kwa pamoja yalichukua ekari zipatazo 100,000. Kwa wapangaji wa mradi hiyo ilikuwa ardhi tupu yenye rutuba. Kwa Wabarbaig ilikuwa sehemu bora ya mzunguko wao wa malisho, na humo yalikuwamo makaburi ya wazee wao, bung'eda, ambayo baadhi yalipitiwa na matrekta.

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliipeleka NAFCO mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua, katika uamuzi uliomo kwenye ripoti za sheria za mwaka 1985. Mahakama hiyo iliona kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi ile kwa taratibu za kisheria, na kwamba wanakijiji wengi hawakutoa ushahidi wa milki yao ya kimila. Waliokuwa na michoro ya mashamba walionekana mbele ya sheria. Waliokuwa na kumbukumbu ya vizazi hawakuonekana.

Ni rahisi kusema kwamba Wabarbaig wangekuwa na simu zenye GPS wangeshinda. Mimi siamini hivyo. Ramani ni ushahidi pale tu sheria inapoitambua haki inayochorwa. Ndiyo maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilikuwa hatua kubwa: iliipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya kawaida, ikaweka cheti cha ardhi ya kijiji, masijala ya ardhi ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila kwa mtu, familia au kundi. Baada ya sheria hiyo, nukta zilizokusanywa kwa simu zilipata mahali pa kusimama.

Mfano uliozungumziwa sana ni wa Iringa. Katikati ya miaka ya 2010, kwa ufadhili wa Marekani, programu ya simu iitwayo MAST ilijaribiwa katika kijiji cha Ilalasimba, kisha ikasambazwa vijiji vingine pamoja na mfumo wa mtandaoni uitwao TRUST wa kuandaa na kusajili hati. Vijana wa vijijini walifundishwa kupima, na makumi ya maelfu ya hati za kimila yakaandaliwa. Lakini ukichunguza kilichofanya kazi ile ikubalike, unakuta simu ilikuwa sehemu ndogo. Mpima alitembea mpakani pamoja na mwenye shamba, majirani wa pande zote na wajumbe wa kamati ya kijiji. Kisha ramani ilibandikwa hadharani ili kila mtu aione na apinge kama ana pingamizi, kabla hati haijachapwa. Wanawake waliona majina yao yakiandikwa, au yakiachwa, wakiwa bado na nafasi ya kusema.

Mbulu nayo ina mfano wake, na kwa maoni yangu ni mkubwa zaidi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, walipata hati ya kimila ya kundi badala ya hati za mtu mmoja mmoja. Kazi ya shirika hilo ya kutumia hati za jamii kulinda ardhi ya pamoja kaskazini mwa Tanzania ilimpatia kiongozi wake, Edward Loure, Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016. Juu ya mipaka hiyo ukajengwa mradi wa hewa ukaa unaoratibiwa na kampuni ya Carbon Tanzania. Walinzi wa jamii hupiga doria na kuandika wanachokiona, hali ya misitu hufuatiliwa kwa picha za setilaiti, na mapato ya msitu uliobaki salama hurudi kwa jamii. Hapo ramani haikuishia kabatini. Inafanya kazi mwaka hadi mwaka, na wanaoitunza wanakula matunda yake.

Tofauti kati ya Ilalasimba na Yaeda inatufundisha jambo ambalo watengenezaji wa programu hulisahau. Programu iliyobuniwa kupima shamba huliona shamba na kukosa kuiona njia. Mapito ya ng'ombe, kisima kinachotumika miezi miwili tu kwa mwaka, malisho yanayoachwa yapumzike: vyote hivi havina mwenye jina moja, havina pembe nne, na vinavuka mipaka ya vijiji. Katika wilaya ya Kiteto, hapohapo Manyara, vijiji vitatu vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilitatua tatizo hilo kwa kupanga matumizi ya ardhi kwa pamoja na kuyapa malisho yao ya ushirika jina moja la OLENGAPA. Hanang, yenye historia ya Basotu, inahitaji mwelekeo huo kuliko wilaya nyingi. Tukiikimbiza wilaya hii kwenye hati za mtu mmoja mmoja kwa kuwa programu inazitoa haraka, tutamaliza kwa simu kile ambacho trekta halikumaliza.

Maji: takwimu zilizozunguka dunia

Kati ya mwaka 2011 na 2013, Wizara ya Maji ilifanya kazi ya kuandika vituo vya maji vya vijijini nchini kote: mahali kilipo, aina ya pampu, mwaka wa ujenzi, aliyekijenga, na kama kinatoa maji. Sehemu kubwa ya takwimu hizo, vituo zaidi ya 74,000, ikawekwa wazi mtandaoni na kutumika katika mashindano ya kimataifa ya wataalamu wa takwimu. Katika fungu kubwa la vituo hivyo, takriban asilimia 54 vilikuwa vinafanya kazi, asilimia 7 vilihitaji matengenezo, na asilimia 38 havikutoa maji.

Tangu hapo maelfu ya wanafunzi kutoka mabara yote wamejifunza utabiri wa kitakwimu kwa kutumia visima vya Tanzania, na visima vya Manyara vimo. Hilo ni jambo jema kwa elimu. Lakini kisima huharibika leo na kutengenezwa kesho, na takwimu za mwaka 2013 haziwezi kumwambia mkazi wa Dongobesh, wilayani Mbulu, kama atapata maji wiki hii. Orodha kubwa iliyokusanywa mara moja, kwa fedha za mradi, huanza kuzeeka siku mradi unapofungwa.

Je, wananchi wenyewe wanaweza kuisasisha? Shirika la Daraja lilijaribu hilo kupitia mpango wa Maji Matone: mwananchi atume ujumbe mfupi kisima kikiharibika, ujumbe ufikishwe kwa mhandisi wa wilaya na kwa vyombo vya habari. Lengo lilikuwa maelfu ya jumbe. Katika kipindi cha kwanza zikapatikana chini ya mia moja, na Daraja likatangaza wazi kwamba mpango haukufanikiwa na kueleza sababu. Wanaochota maji ni wanawake na watoto, na simu mara nyingi iko mikononi mwa wanaume. Watu waliogopa kuonekana wachongezi. Kubwa kuliko yote, hawakuamini kwamba ujumbe wao ungeleta fundi.

Unyofu wa Daraja ni hazina kwa kila anayebuni programu leo. Mtu hutoa taarifa mara ya kwanza kwa matumaini. Mara ya pili hutoa kwa sababu ya kwanza ilijibiwa. Tangu mwaka 2019 maji vijijini yako chini ya wakala wa Serikali, RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vimepewa wajibu wa kuendesha miradi. Hapo kuna nafasi ambayo Maji Matone haikuwa nayo. Fundi wa chombo cha jamii ana sababu ya kila siku ya kujua pampu ipi imekufa. Taarifa ikianza kwake, ikarudi kwake pamoja na kipuri, itadumu.

Maafa: taarifa zikutane kabla ya mvua

Turudi kwenye mlima. Ili kujua ni nyumba zipi ziko hatarini kwenye miteremko kama ya Hanang, kunahitajika mambo manne: umbo la mteremko na njia za maji, aina ya miamba na udongo, kiasi cha mvua, na mahali nyumba zilipo. Umbo la ardhi linapatikana katika data huria za setilaiti. Miamba ni kazi ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania. Mvua ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo ilikwisha kutahadharisha kwamba vuli ya 2023 ingeambatana na El Nino na kuleta mvua za juu ya wastani. Nyumba zimo katika mfumo wa anwani na katika ramani za sensa. Vipande vyote vinne vina mwenyewe, na wenyewe hao ni ofisi nne tofauti.

Kuviunganisha ndiyo kazi hasa ya huduma za ramani za mtandaoni, na imekwisha kufanyika nchini kwetu. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwakusanya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa, wakachora mitaro, vichochoro na nyumba za maeneo yanayofurika. Waliwauliza wakazi wa kila mtaa maji ya mafuriko yalifika wapi, kwenye goti au kifuani, na majibu yakawa mistari kwenye ramani. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ilitumia droni kupiga picha za visiwa. Katesh, Mbulu mjini, Haydom na Dongobesh zinastahili kazi ya namna hiyo. Miji midogo inayokua kwa kasi kando ya miteremko ina haki ya ramani ya hatari sawa na Jangwani na Tandale za Dar es Salaam.

Ramani ya hatari ikishapatikana, bado haijaokoa mtu. Tahadhari lazima imfikie mwenye kitochi, asiye na simu kabisa, na aliyelala. Hapo redio ya jamii, kama Radio Habari Njema ya Mbulu, kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti na mwenyekiti wa kitongoji vina nguvu kuliko programu yoyote. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zinahitaji ramani iliyochapwa, inayoonyesha njia za tope, nyumba zilizo ndani yake na mahali pa kukimbilia, na zinahitaji kuifanyia mazoezi kabla ya mvua. Waathirika wa Hanang wamejengewa nyumba mpya Waret. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba makazi yatakayofuata, ya wale wanaojenga leo kwa fedha zao wenyewe, hayarudi kwenye njia ileile.

Vikwazo visivyoonekana kwenye skrini

Kikwazo cha kwanza ni majina. Mahali pamoja huandikwa Basotu na Bassotu, Waret na Warret, Gendabi na Gendab, kwa kuwa sauti za Kiiraqw na Kidatoga zinaingizwa kwenye tahajia ya Kiswahili na kila karani kwa sikio lake. Binadamu ataelewa. Kompyuta inayounganisha orodha ya visima na orodha ya vijiji itaviona kuwa vijiji viwili, na kisima kitapotea. Dawa ipo: msimbo wa kijiji unaotolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu utumike katika kila mfumo, na tahajia ya jina iamuliwe na wenyeji.

Cha pili ni wingi wa mifumo isiyosalimiana. Ardhi wana mfumo wao, maji wao, afya wao, anwani wao, na kila mradi wa wafadhili huja na wake. Mtendaji wa kijiji hujaza taarifa zilezile mara nyingi kwa fomu tofauti, halafu hana nakala hata moja. Mwaka 2015 Tanzania ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika wa takwimu huria na ikawa na tovuti ya Serikali ya takwimu hizo. Mwaka 2017 nchi ikajitoa katika ushirika wa kimataifa wa uwazi serikalini. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalizua hofu kubwa kuhusu kuchapisha takwimu zisizo rasmi, na ingawa yalilegezwa mwaka 2019, tabia ya kufungia data kabatini haikuondoka kwa siku moja.

Cha tatu ni faragha, na hapa nawaomba wapenzi wa uwazi wanisikilize. Si kila nukta iwekwe hadharani. Mkoani Mara, mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015 umewawezesha watu wa kujitolea kuchora vijiji kwenye OpenStreetMap, ili wanaharakati wawafikie haraka wasichana wanaokimbia ukeketaji. Manyara inahitaji ulinzi huo: utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa mkoa huu walikuwa wamekeketwa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Barabara na vijiji viwe wazi kwa kila mtu. Nyumba ya msichana aliyetoa taarifa isionekane na yeyote nje ya wanaomhudumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inatoa msingi wa kisheria, na kila mradi wa simu vijijini unapaswa kuanza kwa kuisoma.

Ugumu unaongezeka kwa mali za jamii. Bung'eda zililimwa kwa kuwa hazikuwamo kwenye ramani ya wakubwa. Lakini mahali patakatifu, mti wa asali au chemchemi ya siri ikianikwa mtandaoni, mgeni yeyote anaweza kuifikia. Jibu sahihi haliwezi kuandikwa Dodoma wala kwenye ofisi ya shirika. Wahadzabe, Wabarbaig na Wairaqw waamue wenyewe kipi kionekane na wote, kipi kionekane na halmashauri tu, na kipi kibaki vichwani mwa wazee.

Nini kifanyike

Kwanza, liwepo sharti moja kwa kila anayekusanya taarifa kijijini, awe idara, chuo au shirika: aache nakala. Ramani kubwa iliyochapwa ibandikwe ofisi ya kijiji, na faili lake likae masijala. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bajeti ya mradi wenyewe.

Pili, usasishaji uingie kwenye vikao vilivyopo. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Iwepo ajenda ya ramani: kisima gani kimekufa, nyumba ngapi mpya zimejengwa karibu na korongo, mapito yapi ya mifugo yamelimwa. Kijana aliyefundishwa aandike kwenye simu, mkutano uthibitishe, kisha itumwe. Ramani iliyothibitishwa na mkutano ina uzito wa kisheria na wa kimaadili ambao nukta ya mpita njia haina.

Tatu, halmashauri za Mbulu na Hanang zitenge fungu la kudumu la bando, matengenezo ya simu na posho ya vijana hao. Mfumo unaotegemea fedha za mfadhili peke yake hufa naye. Vyuo vyetu vina utaalamu wa kusaidia. Kituo cha SACIDS kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa mfano, kilijenga programu ya AfyaData ya kutoa taarifa za magonjwa ya watu na mifugo, na kuijenga hapahapa nchini.

Nne, data za hatari na za huduma za umma, kama njia za tope, visima, zahanati na barabara, ziwe wazi kwa kila raia. Data za watu na za urithi wa jamii zilindwe.

Tano, kila kinachotolewa mtandaoni kipate njia ya pili kwa asiye na simu janja: ujumbe mfupi, menyu ya kitochi, redio, na mtu anayetembea kwa miguu.

Mapendekezo haya hayahitaji teknolojia mpya. Yanahitaji uamuzi kuhusu nani ni mwenye taarifa. Kwa miaka mingi wanakijiji wa Mbulu na Hanang wamehesabiwa, wamepimwa na wamepigwa picha kutoka angani, na wamekubali kwa uungwana. Wana haki ya kuona kilichoandikwa juu yao. Wito wangu ni kwa madiwani wa halmashauri hizi: katika kikao kijacho, kila mkuu wa idara aulizwe ni taarifa gani idara yake imekusanya vijijini, na ni kijiji kipi kimerudishiwa ramani yake. Asiyekuwa na jibu apewe tarehe ya kulileta, na tarehe hiyo iwe kabla ya mvua za vuli.